Tepu za Madukani Dar: Ipi Ununue, Ipi Uiache Rafuni

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi, Gerezani, Buguruni au Tegeta, useme "nipe tepu", na muuzaji atakuuliza: ya nini? Ana haki ya kuuliza. Nyuma yake kuna tepu ya umeme, ya bomba, ya rangi, ya mabati, ya AC, ya maboksi, nyekundu na nyeupe ya kuzungushia eneo la hatari, na futi ya kupimia ambayo nayo wengine huiita tepu. Kinachozikutanisha ni umbo tu: kila moja ni utepe mrefu uliozungushwa. Gundi zinatofautiana, joto zinalostahimili linatofautiana, na baadhi hazina gundi kabisa. Ukichunguza kiungo kilichovuja au waya ulioungua, mara nyingi utakuta tepu yenyewe haikuwa mbovu, ila ilipewa kazi ya mwenzake. Hapa tunazipitia zile zinazouzwa sana, tukizipima kwa jua, chumvi ya bahari na mvua za Dar.

Tepu ya umeme

Hii iko kila kona, hadi kwa machinga, na imechakachuliwa sana. Ni utepe wa plastiki ya PVC wenye gundi upande mmoja, upana milimita 18 au 19. Cha kutazama ni unene. Nyingi za bei ya chini zina milimita 0.13 au pungufu. Zile za daraja la juu, mfano Scotch Super 33+ ya 3M, zina karibu milimita 0.18 na zimeandikwa volti 600 na nyuzi joto 105 za Selsiasi. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230, kwa hiyo kwa upande wa volti hata hiyo nyembamba inatosha. Joto ndilo linaloiumbua. Juu ya dari, chini ya bati, jua la Januari saa nane mchana, gundi ya bei chee huyeyuka, tepu inateleza taratibu kutoka kwenye kiungo na kuacha shaba wazi. Ukiigusa unabaki na uji mweusi vidoleni.

Ijaribu pale pale kaunta. Kata kipande cha sentimita 10 ukivute. Nzuri hurefuka hadi karibu mara mbili kabla ya kukatika, na ukiiachia hujirudi kiasi. Mbovu inakatika ghafla, au inageuka nyeupe pale ulipovuta na kubaki hivyo. Halafu ibandike juu ya mgongo wake yenyewe uibandue: gundi ikihama na kubaki chini, irudishe. Soma pia urefu. "20" isiyotaja kipimo inaweza kuwa yadi, na yadi 20 ni mita 18.3 tu, wakati nyingine ina kiini kinene cha karatasi na utepe wa mita tano umezungushwa juu yake. Gawa bei kwa mita ndipo useme ipi rahisi. Pisi ya mita 5 kwa shilingi 1,000 ni shilingi 200 kwa mita. Ya mita 18 kwa 2,500 haifiki 140. Hiyo ya "buku" ndiyo ghali.

Kuifunga kuna namna yake. Anza sentimita tatu au nne nyuma, juu ya ganda la waya, si juu ya shaba. Kila mzunguko ulalie nusu ya uliotangulia, ukivuta kiasi cha kuufanya utepe upungue upana kidogo. Nenda hadi upande wa pili, kisha rudi ulikoanzia, hapo utakuwa na tabaka nne kila mahali. Mzunguko wa mwisho uweke bila kuvuta hata kidogo, na ukate kwa kisu au mkasi. Mafundi wengi humalizia kwa kuivuta mpaka ikatike, na ncha iliyovutwa hivyo hujikunja na kuanza kubanduka wiki hiyo hiyo. Watu husema gundi mbaya, kumbe ni ule mvuto wa mwisho.

Tepu haishiki waya. Inaufunika tu. Nyaya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu zitapitisha taa bila shida, lakini hita ya kuogea ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24, na kiungo kilicholegea kwenye mzigo huo kinatoa joto ambalo hakuna tepu ya plastiki itakayolivumilia. Tumia konekta ya skrubu ndani ya boksi, tepu iwe nyongeza. Na kabla ya kugusa chochote zima mein swichi. LUKU iliyoisha si umeme uliozimwa: mtu wa nyumbani akiingiza tokeni ukiwa juu ya ngazi, waya unarudi na moto wake.

Rangi zina maana. Kahawia ni waya wa moto, buluu ni nyutro, kijani yenye mstari wa njano ni athi. Nyumba za zamani zina nyekundu na nyeusi. Ukiwa huna tepu ya rangi inayotakiwa kwenye begi, angalau usifunge tepu ya kijani-njano kwenye waya wa moto kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Fundi atakayekuja baada yako ataiamini.

Ya mpira, kwa pampu za visima

Dar ina visima vya kuchimba kila mtaa, na pampu nyingi za kuzamisha zinakufa kwa kiungo cha kebo kabla ya mota yenyewe. Sababu ni hiyo tepu ya PVC. Chini ya maji hupenyeza: maji yanatambaa kati ya tabaka, umeme unavujia kwenye maji, sakiti breka inakatika kila ukiwasha. Kinachohitajika ni tepu ya mpira isiyo na gundi, inayojishika yenyewe. Scotch 23 ni mojawapo, na zipo nyingine nyingi za aina hiyo; utepe wake ni mnene, karibu milimita 0.76, na kati ya tabaka kuna karatasi laini ya kubandua. Muuzaji akikuletea isiyo na karatasi wala kitenganishi chochote, itazame vizuri, huenda ni PVC nene tu.

Kata nyaya tatu za kebo kwa urefu tofauti ili viungo visikae sehemu moja. Moja ikae juu, ya pili katikati, ya tatu chini. Bana kila kiungo kwa kiunganishi cha shaba na koleo lake. Kwaruza ganda la nje kwa msasa sentimita tano kila upande, futa kwa spiriti, acha likauke kabisa, maana jasho la mkono tu linatosha kuharibu. Zungusha mpira kwenye kila waya peke yake, kisha kwenye kebo nzima, ukivuta mpaka utepe ukaribie mara mbili ya urefu wake. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaufunga kwa upole kama tepu ya kawaida. Bila kuvutwa haujishiki, na ukikata kiungo hicho baadaye utaona tabaka zimeachana kama kurasa. Ukivutwa vizuri, baada ya saa kadhaa huwezi tena kuonyesha tabaka moja inaishia wapi. Malizia kwa tepu ya PVC juu yake, kazi yake hapo ni kukinga mikwaruzo wakati wa kushusha pampu. Kabla ya kushusha, tumbukiza kiungo kwenye ndoo ya maji na upime kwa mega ya volti 500, kile kifaa cha kupima uvujaji wa umeme. Chini ya megaomu 1, kifungue uanze upya. Kiungo kipya kilichofungwa vizuri hutoa namba kubwa zaidi ya hapo.

Bei yake ni mara kadhaa ya tepu ya kawaida. Ukilinganisha na gharama ya kuita watu wa kupandisha pampu kutoka mita 60, ni bure.

Tredi tepu, ile nyeupe ya bomba

Hii haina gundi, na haizibi kwa kunata. Malighafi yake, PTFE, iligunduliwa kwa bahati mwaka 1938 na mkemia Roy Plunkett wa DuPont huko Marekani: gesi aliyoihifadhi kwenye mtungi ilimgeukia kuwa unga mweupe unaoteleza ajabu. Utelezi huo ndio tunaoununua. Tredi za chuma zikikazwa kavu husagana na kugoma kabla hazijashikana vizuri. Tepu inaziruhusu kwenda mzunguko mmoja zaidi, na inajaza nafasi zilizobaki.

Ya kawaida ina upana wa milimita 12, unene 0.075, urefu mita 10. Ukiinyoosha mbele ya macho na ukamwona mtu upande wa pili, ni nyepesi mno. Nzuri ina weupe mzito, ukiivuta inanyooka kwa ulaini bila kugeuka uzi. Kwa tredi ya nusu inchi, mizunguko 6 hadi 8 inatosha kwa tepu nzuri. Ile nyepesi itakudai 10 hadi 12. Kuna hesabu ndogo ya kuwanasa wanaopunja urefu: mzunguko mmoja wa tredi ya nusu inchi ni kama sentimita 6.6, mizunguko 8 ni sentimita 53, kwa hiyo rola ya mita 10 inatakiwa kutoa viungo 18. Ikikuishia kwenye cha tisa au cha kumi, umeuziwa mita tano.

Shika paipu mdomo wa tredi ukikutazama, na zungusha tepu kufuata mshale wa saa. Ukienda kinyume, elbo inapoingia inaisukuma tepu nje, nawe utaiona inajikusanya mdomoni kama povu. Acha tredi ya kwanza wazi, kwa sababu kipande kinachoning'inia pale ndani hukatwa na maji na kwenda kuziba kichujio cha bomba la jikoni au kukaa kwenye kiti cha boli valvu isifunge tena. Vuta mpaka umbo la tredi lionekane kupitia tepu. Kaza kwa mkono mpaka igome, kisha spana mzunguko mmoja au mmoja na nusu. Ukishakaza usirudishe nyuma hata robo ili elbo iangalie unakotaka. Ukirudisha, fungua yote, safisha kwa brashi ya waya, funga tepu mpya.

Plastiki ina hatari yake. Soketi ya plastiki yenye tredi ya ndani, ikipokea tepu nyingi na spana ndefu, inatanuka na kupasuka, na ufa hauonekani hapo hapo. Unajitokeza maji yakirudi kwa nguvu baada ya mgao, usiku, na asubuhi unakuta ua limelowa. Kwenye plastiki, mizunguko minne au mitano, mkono, halafu nusu mzunguko wa spana.

Kuna viungo visivyotaka tepu kabisa: paipu laini la sinki lenye mpira wa washa ndani, na kichwa cha mtungi wa gesi. Pale mpira ndio unaoziba, tepu kwenye tredi inazuia mpira usikandamizwe sawasawa. Panapovuja badilisha mpira, kisha pima kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Tepu ya njano ni nzito zaidi na imetengenezwa kwa mabomba ya chuma ya gesi yenye tredi. Kwa maji ni nzuri pia, ila unalipa zaidi bila sababu.

Tepu za mabati

Zimejaa sokoni, zile zenye mgongo wa foili inayong'aa, upana sentimita 5, 10 au 15. Muuzaji atamwagia ndoo iliyotobolewa maji mbele yako na kubandika, nayo itashika. Onyesho hilo halikuambii kitu: ndoo ni mpya, safi, iko kivulini, na dakika tano si masika matatu.

Chini ya foili kuna moja ya vitu viwili, na pakiti nyingi hazisemi ni kipi. Kuna lami, na kuna mpira wa butili. Bandua kona unuse. Ikinuka kama barabara inayomwagwa lami na kuacha doa jeusi kidoleni, ni lami: kwenye bati la Dar italainika mchana, foili itajikunja kingoni, na baada ya muda lami itakauka na kupasuka. Butili haina harufu kali, huvutika kama ubani uliotafunwa, na hutoka kidoleni bila kuchafua. Nunua butili, au acha.

Ubandikaji wake unataka siku kavu kabla ya vuli au masika, kuanzia saa tatu asubuhi umande ukishakauka na bati halijaanza kuchoma mkono. Sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka uone chuma au rangi iliyoshika, futa vumbi, futa tena kwa kitambaa chenye spiriti. Kipande kizidi tundu kwa sentimita tano kila upande, na kona zake zikatwe mviringo. Kona ya pembe ndiyo huanza kuinuka. Kandamiza kutoka katikati kwenda nje kwa mgongo wa kijiko, ukifuata mabonde ya bati, usije ukaacha hewa bondeni. Vipande vikiwa vingi, anza chini ya mteremko upande juu, kila cha juu kilalie cha chini.

Haiwezi kuponya bati lililooza. Ukibonyeza kwa bisibisi na bati likatoboka, tepu itashika kutu, na kutu itaondoka nayo. Haiponyi pia msumari uliolegea: kila upepo ukitikisa bati, tepu inachanika kuzunguka kichwa. Ng'oa, weka wenye mpira mzima, pembeni kidogo penye mbao imara, ndipo uzibe tundu la zamani.

Za AC, za kitambaa, za rangi, za maboksi

Ile nyeupe pana inayofunika mabomba ya AC ukutani haina gundi, nayo ni ya bei ndogo. Kosa ni moja tu na linaonekana kwenye maghorofa mengi: kufunga kutoka juu kwenda chini. Kila mzunguko unabaki mdomo wazi ukitazama juu, mvua inaingia, sponji linalozuia joto linalowa, shaba inaanza kutoa kijani. Anza chini, panda juu, malizia kwa mizunguko miwili ya tepu ya umeme. Jua litaikausha na kuipasua siku moja. Hiyo ni kawaida yake, funga nyingine.

Tepu ya kitambaa, ya fedha au nyeusi, inasifiwa kuliko inavyostahili. Ilipata umaarufu baada ya mwaka 1943, wakati mfanyakazi wa kiwanda cha risasi Illinois, Vesta Stoudt, alipomwandikia Rais Roosevelt kwamba maboksi ya risasi yafungwe tepu ya kitambaa isiyopitisha maji. Mwaka 1970 ikawasaidia wanaanga wa Apollo 13 kutengeneza kichujio cha hewa. Sifa nzuri, ila Waingereza na Wamarekani wanaiita "duct tape", yaani tepu ya mifereji ya hewa, na maabara ya Lawrence Berkeley ya California ilipoipima mwaka 1998 kwenye mifereji hiyo ikaonekana inashindwa kwa joto kuliko nyingine zote. Hapa, kwenye bampa la gari linaloegeshwa juani, itakaa wiki chache kisha plastiki ya juu ichanike na kuacha nyavu na gundi ngumu. Nzuri kwa ndani, kwa kubana zulia, kwa kitu cha muda. Kwa paipu la maji lenye presha usiinunue hata kwa majaribio.

Ya karatasi, ya mafundi rangi, ni kazi ya Richard Drew wa 3M mwaka 1925, aliyewaona wapaka magari wakilia rangi ikibanduka na gundi walizokuwa wakitumia. Uulize kama ni ya gari au ya nyumba: ya gari imetengenezwa kustahimili joto la oveni, la nyuzi 80 hivi, ya nyumba hugeuka gundi tupu. Isilale ukutani. Ibandue rangi ikiwa haijakauka kabisa, ukiivuta kurudi nyuma kwa pembe ya nyuzi 45. Rangi ikipenya chini ya ukingo, tatizo si tepu, ni ukuta wenye vinyweleo. Pitisha kwanza rangi ile ile ya ukutani juu ya ukingo wa tepu, ikikauka ndipo upake rangi mpya. Mstari unatoka kama umekatwa kwa wembe.

Selotepu ya maboksi nunua kwa uzito. Chukua mbili za upana sawa uzipime kwa mkono, kisha tazama unene wa kiini. Boksi linalopelekwa mkoani kwa basi kutoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi linataka mstari wa katikati na mistari miwili kwenye kingo, juu na chini, kila mmoja ukishuka sentimita saba ubavuni. Boksi lililopitia vumbi lifute kwanza. Na mwenye kanda za zamani za rekodi asiziunge kwa selotepu, gundi yake huchuruzika na kunasisha tabaka za jirani. Kuna tepu maalumu, na kanda hukatwa mshazari.

Ya pande mbili kwa vioo na picha: kwenye ukuta wa chokaa au rangi ya maji haifai. Itashika rangi, na rangi itauachia ukuta.

Futi

Futi ya chuma ya mita 5 ndiyo inayomtosha mtu wa kawaida. Ya mita 7.5 ni nzito mfukoni lakini haipindi haraka ukiinyoosha hewani. Tafuta namba ya Kirumi iliyochapwa mwanzoni mwa utepe. II maana yake kosa linaloruhusiwa kwenye mita 5 ni milimita 1.3, III ni milimita 2.6, I ni milimita 0.6. Isiyo na namba yoyote ni ya kupimia pazia.

Ndoano ya mbele inacheza kidogo, na wanunuzi wengi huirudisha dukani wakidhani imelegea. Imefanywa hivyo makusudi: inasogea sawa na unene wake yenyewe, ili ukiivuta kwenye ukingo wa ubao au ukiisukuma ukutani upate namba ile ile. Ijaribu kwa boksi la vigae: pima nje kwa kuvuta, kisha simamisha boksi ukutani upime kwa kusukuma. Namba zikitofautiana, ndoano imepinda au tundu la ribiti limepanuka. Kinachopanua tundu hilo ni kuuachia utepe urudi kwa kishindo. Ushike kwa kidole sentimita 20 za mwisho.

Mtihani muhimu zaidi kwa Dar, ambako mbao huuzwa kwa futi na ramani huchorwa kwa mita, ni kulinganisha pande mbili za utepe huo huo. Futi 10 lazima ziangukie sentimita 304.8, na futi 16 ziangukie 487.7. Zipo futi zinazopishana nusu sentimita hapo, na seremala anayepima mbao kwa futi kisha akakata kwa sentimita hatajua kwa nini kenchi hazilingani. Vile vialmasi vyeusi kila inchi 19.2 ni vya wajenzi wa Marekani, wanaogawa futi nane mara tano; visikuchanganye. Na kwa hewa ya bahari ya Kigamboni au Msasani, futa utepe kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani kila baada ya kazi, hasa mita ya kwanza, maana ndiyo inayokutana na saruji mbichi.

Ya fundi cherehani ni utepe laini, na udanganyifu wake uko wazi ukijua pa kutazama. Sentimita 150 ni inchi 59 na kidogo tu. Inchi 60 ni sentimita 152.4. Kwa hiyo ukiona 60 ya inchi na 150 ya sentimita zimeishia ukingo mmoja, na pande zote mbili zimeanzia ukingo mmoja, upande mmojawapo ni wa uongo. Zinazotengenezwa kwa plastiki tupu hurefuka kwa kuvutwa na kwa joto la pasi. Zenye nyuzi za kioo ndani hukaa. Kila mwezi ilaze kando ya futi ya chuma yenye namba II. Ikizidi nusu sentimita mwishoni, ikate vipande uvitumie kufungia vitambaa, asije kijana wa dukani akaiokota na kumpimia mteja suruali.